Chanjo ya ng'ombe iliyootesha miti Serengeti

Ndugu mwenyekiti, wajumbe wa kamati za maliasili za vijiji, walimu wa biolojia, wazee wetu wafugaji, na vijana mliokaa huko nyuma. Shikamooni wazee. Wengine, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni ikolojia. Ni elimu ya viumbe na mahali wanapoishi, na hasa ya namna wanavyohusiana. Tulishike hilo neno la mwisho. Mtu akihesabu simba, tembo na twiga amefanya sensa, na sensa ina kazi yake, lakini hajaanza ikolojia. Ikolojia inaanza pale unapouliza: huyu akiondoka, nani atanenepa, nani atakonda, na nani wa mbali kabisa, asiyejuana naye, atapata tabu?

Swali hilo liliwahi kujibiwa hapa hapa kwetu Serengeti bila mtu kukusudia. Aliyetufundisha ni kirusi cha sotoka, na somo lenyewe limechukua zaidi ya miaka mia moja. Nitalifuata hatua kwa hatua, maana ndani yake mna karibu dhana zote zilizomo kwenye vitabu vya shule.

Wazee wafugaji jina la sotoka wanalijua. Kirusi chake ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua ya watoto. Kiliwashika wanyama wenye kwato zilizogawanyika: ng'ombe, nyati, nyumbu, twiga, kudu. Mnyama alipata homa, macho yakatoa machozi mazito, mdomo ukajaa vidonda, kisha akaharisha mpaka akaishiwa maji mwilini. Katika kundi ambalo halijawahi kuugua, waliweza kufa tisa katika kila kumi. Ugonjwa uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli, ukafika nchi ya Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1896 ulikuwa umeshafika Afrika Kusini. Wamaasai wanauita wakati ule Emutai, maangamizi. Njaa iliyofuata iliua watu wengi mno, na tukizungumza habari za wanyama tusiwasahau hao.

Baada ya wimbi la kwanza sotoka haikuondoka. Iliendelea kuzunguka, ikitoka kwa ng'ombe na kuwaingia wanyamapori. Kwa nyumbu ilikuwa na utaratibu wake. Ndama aliyezaliwa na mama aliyewahi kuugua alipata kinga katika maziwa ya kwanza, na kinga hiyo ilimlinda kwa miezi saba hivi. Ikishakwisha, ndama alibaki mtupu. Ndiyo maana waliokufa zaidi walikuwa wale wanaokaribia mwaka mmoja, na hilo lilijirudia kila mwaka. Kundi ambalo vijana wake wanakufa kabla ya kuzaa haliongezeki, hata nyasi zikiwa tele. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 tu.

Kuanzia miaka ya 1950 ng'ombe wa vijiji vya kuzunguka hifadhi walichanjwa kwa wingi. Kisha ikaja chanjo bora zaidi kutoka Muguga, karibu na Nairobi, ambako Walter Plowright na wenzake walikikuza kirusi kwenye seli za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, mpaka kikapoteza makali yake. Ng'ombe aliyechanjwa hakuugua, na kinga ilidumu maisha yake yote. Nyumbu hawakuchomwa sindano. Hata hivyo, kufikia mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwao. Hapo tulijifunza jambo ambalo watu wengi walikuwa wameligeuza kichwa chini miguu juu: wanyamapori hawakuwa ghala la ugonjwa. Ghala lilikuwa zizi. Lilipofungwa, porini nako moto wa sotoka ukazimika wenyewe.

Sasa tazameni hesabu. Kutoka 250,000 mwaka 1961, nyumbu walifika karibu milioni 1.4 mwaka 1977. Nyati nao waliongezeka zaidi ya maradufu. Mwalimu mzuri hapo atanyanyua mkono na kuuliza: mnajuaje ni chanjo? Huenda ilikuwa mvua, huenda nyasi zilikuwa nzuri. Jibu analo pundamilia. Pundamilia anakula nyasi zile zile, anatembea njia zile zile, anawindwa na simba wale wale, lakini hacheui na kwato zake hazijagawanyika, kwa hiyo sotoka haikumshika. Pundamilia walibaki wale wale, kama 200,000, kabla na baada. Ingekuwa ni mvua peke yake, nao wangeongezeka. Ni kweli kwamba mvua nzuri za kiangazi katika miaka ya 1970 ziliwasaidia nyumbu kupanda zaidi, lakini mlango ulifunguliwa na chanjo. Walimu, mkitafuta mfano wa kundi la kulinganishia katika jaribio, chukueni huyo pundamilia. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Hadi hapo ni habari ya ugonjwa na mnyama. Utamu unaanzia hapa.

Nyumbu mkubwa ana uzito wa kilo 160 hadi 200 hivi, na hula wastani wa kilo 4 za nyasi kwa siku, zikipimwa zikiwa kavu. Zidisha mara wanyama milioni 1.3: ni zaidi ya tani 5,000 kila siku. Nyasi zilizoliwa haziungui. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu walipokuwa wachache, kiangazi kilikuta nyasi ndefu zimesimama zimekauka, na moto ulipopita ulikula hadi asilimia 80 ya eneo katika baadhi ya miaka. Nyumbu walipoongezeka moto ulipungua, ukashuka hadi robo ya eneo na chini ya hapo. Watu waliokuwa wakiwasha moto hawakuacha kuwasha. Moto ulikosa chakula. Ukifika penye nyasi zilizokatwa chini, unakatika na kufa.

Na moto ulipopungua, miti ikaota. Hapa naomba tuiname tutazame chini kabisa. Mche wa mgunga kwenye nyika inayoungua kila mwaka unaonekana kama kichipukizi cha msimu huu, hauzidi goti. Fukua udongo pembeni yake. Chini utakuta mzizi mnene kama kidole gumba, wakati mwingine mnene zaidi, wenye makovu juu yake kila mahali shina lilipoungua na kuchipua upya. Mche huo unaweza kuwa na umri wa miaka 10 au zaidi. Haujashindwa kuota, umezuiwa. Ili uponyoke ni lazima matawi yake ya juu yapite kimo cha ndimi za moto, mita 2 hadi 3, na hapo unahitaji miaka kadhaa mfululizo bila kuungua. Nyumbu waliipa hiyo miaka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 miti iliongezeka katika sehemu kubwa za Serengeti, na mwaka 2009 watafiti walichapisha hesabu zao wakaonyesha kwamba mbuga ambayo zamani ilikuwa ikitoa hewa ya ukaa angani kwa moto, sasa inaihifadhi kwenye miti na udongo.

Kwa hiyo, sindano iliyochomwa shingoni mwa ng'ombe zizini iliotesha mgunga ndani ya hifadhi. Katikati yake kuna kirusi, nyumbu, nyasi na moto. Wataalamu wanaita mfuatano kama huo maporomoko ya mlishano: badiliko kwa mmoja linamporomokea wa pili, wa tatu, wa nne. Kirusi chenyewe hakionekani kwa macho, na katika sensa yoyote ya wanyama kisingehesabiwa.

Msije mkadhani jambo hili linakwenda upande mmoja kama maji ya mferejini. Upande wa Mara, Kenya, moto wa miaka ya 1960 ulishusha misitu, moto ukapungua, na bado miti haikurudi upesi kama ilivyotarajiwa. Sababu ni tembo. Moto ndio ulioangusha. Tembo, kwa kung'oa na kula miche, ndio waliozuia isinyanyuke. Aliyesababisha hali na anayeidumisha wanaweza kuwa wawili tofauti. Ukimlaumu mmoja kwa kosa la mwingine utatumia fedha zako bure.

Turudi kwenye nyasi, maana kuna swali linaloulizwa kila mara: wanyama wengi namna hii wanaishije pamoja bila kumalizana? Ushindani upo, lakini kila mmoja ana sehemu yake ya jani. Pundamilia ana meno ya mbele juu na chini, anakata bua gumu. Chakula kinapita tumboni haraka, kwa hiyo anakula kingi hata kikiwa duni. Nyumbu anacheua. Hana meno ya mbele juu, anang'oa majani kwa mdomo mpana, na tumbo lake linahitaji muda kusaga, hivyo bua kavu refu linamchelewesha. Swala tomi, mwenye kilo 20 hivi, ana mdomo mwembamba unaochagua chipukizi na vijimea karibu kabisa na ardhi. Upande wa magharibi, ambako nyasi ni ndefu, mvua zikiisha hutangulia pundamilia, akifuatiwa na nyumbu, na tomi nyuma. Wa mbele anamfungulia mlango wa nyuma. Kwenye karatasi ya mtihani utaandika "ushindani" kati ya pundamilia na nyumbu na utapata alama. Uwandani utakuta ushindani na kusaidiana katika wanyama wale wale wawili, kwa misimu tofauti.

Mbona basi nyumbu hawakuendelea kupanda wakafika milioni 3? Wengi hujibu: simba. Simba wanaua, hilo halina ubishi, lakini simba ana himaya yake na watoto wake, hawezi kuhama kilomita mamia kulifuata kundi. Kundi likipita anashiba. Likishaondoka anabaki na wanyama wakaazi, wale wasiohama. Na nyumbu wanapozaa, karibu asilimia 80 ya majike huzaa ndani ya wiki tatu hivi, mwezi Februari, kwenye nyanda za nyasi fupi. Fisi hata wawe wengi vipi, tumbo lina mwisho. Ndama husimama ndani ya dakika chache, na baada ya siku mbili anakimbia na mama.

Kinachowazuia ni njaa ya kiangazi. Na kuna namna ya kulithibitisha kwa mkono. Ukikuta mzoga wa nyumbu, vunja mfupa wa paja utazame uboho. Uboho mweupe, mgumu, kama samli iliyoganda, unasema mnyama alikuwa na akiba. Aliuawa akiwa mzima. Uboho laini, unaoteleza, unaopitisha mwanga, wa rangi ya njano au nyekundu, unasema alikuwa ameshamaliza mafuta yote, na mafuta ya uboho ndiyo ya mwisho kuliwa na mwili. Watafiti walivunja mifupa mingi kwa miaka mingi, na wengi waliokufa walikuwa wa aina hii ya pili. Kumbukeni kwamba mzoga wa aina hii unaweza kuwa na simba juu yake. Simba alimla, lakini njaa ndiyo iliyomtoa kwenye kundi. Ukame wa mwaka 1993 ulionyesha hilo waziwazi: nyumbu walishuka chini ya milioni moja kabla ya kupanda tena. (Msifanye kazi hii bila ruhusa ya hifadhi, na bila glavu kamwe. Mzoga uliokufa ghafla huku ukitoka damu puani unaweza kuwa wa kimeta. Huo usiuguse, toa taarifa.)

Profesa Anthony Sinclair, aliyeanza kazi Serengeti mwaka 1965, pamoja na wenzake waligundua mpaka unaosaidia sana kufikiri. Kwa wanyama wakaazi wenye uzito chini ya kilo 150 hivi, wengi wa wakubwa wao hufa kwa kuliwa. Kadiri mwili unavyozidi hapo, kuliwa kunapungua, na kwa kiboko, faru na tembo wakubwa karibu hakupo. Wao hudhibitiwa na chakula. Kwa hiyo swali "je, wawindaji wanadhibiti mawindo?" halina jibu moja. Uliza kwanza: mawindo gani, yana uzito gani, yanahama au yamekaa?

Nishati nitaipita haraka, ingawa vitabu huipa kurasa nyingi. Kila hatua ya mlishano hupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto na kazi ya mwili. Kanuni ya asilimia 10, yaani sehemu moja tu ya kumi hupita kwenda hatua inayofuata, ni wastani wa kukumbukia tu; kwa wanyama wenye damu moto huwa chini ya hapo. Faida yake ni kwamba inaeleza kwa nini nyasi ni nyingi, nyumbu ni wachache kuliko nyasi, na simba wa Serengeti nzima ni elfu chache.

Lakini virutubisho havipotei kama nishati. Vinazunguka, na hapo kuna jambo ambalo halitajwi vya kutosha. Kila mwaka nyumbu hufa maji wakivuka Mto Mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipata wastani wa mizoga 6,250 kwa mwaka, zaidi ya tani 1,100 za nyama, ngozi na mifupa. Watalii wanaangalia mamba. Mamba hula asilimia 2 hivi. Tumbusi na korongo marabu huchukua kiasi, wakaenda kukiacha mbali na mto. Nyama laini huoza kwa wiki chache na kuwalisha samaki. Mifupa hubaki. Inaachia fosforasi kidogo kidogo kwa miaka 7, na juu yake hujijenga utando wa viumbe vidogo sana vya maji ambao samaki huula mwaka mzima, nyumbu wakiwa wameshasahaulika. Mnyama aliyekua kwa nyasi za majivu ya volkano kule chini ya Oldonyo Lengai anaishia kuwa chakula cha samaki wa Mara. Ukiliziba pito moja la uhamaji kwa uzio, umekata na huo mfereji.

Sasa niwape mfano mwingine, mdogo kwa umbo, kwa sababu sitaki mtoke hapa mkidhani ni wanyama wakubwa tu wanaoshika mbuga. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, Laikipia nchini Kenya na sehemu nyingine nyingi za Afrika Mashariki, kuna mgunga wenye vifundo vyeusi chini ya miiba. Upepo ukivuma, vifundo hivyo hupiga mluzi, kwa sababu ni vitupu ndani na vina matundu. Wanaoishi humo ni sisimizi. Mti huwapa nyumba na maji matamu yanayotoka kwenye majani. Wao huwang'ata ndani ya pua tembo wanaojaribu kuula. Tembo anayeweza kuangusha mbuyu anaukwepa mti wa mita 3.

Watafiti waliweka uzio kuzuia wanyama wakubwa, wakangoja miaka 10. Ungedhani miti ingestawi. Ilipunguza vifundo na maji matamu, maana haikuwa na adui wa kulipia ulinzi. Sisimizi walinzi wakapungua, wakaingia sisimizi wengine wasiolinda, wanaopenda matundu yaliyotobolewa na mabuu ya mbawakawa. Miti ikakua polepole na kufa zaidi. Kuondoa mlaji kukawa ni kumdhuru anayeliwa.

Na yakaja mabaya zaidi: sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wanaosafiri na bidhaa na udongo wa miche. Wanawaua sisimizi walinzi lakini mti hawaulindi. Palipovamiwa, tembo huvunja miti mara 5 hadi 7 zaidi ya palipo salama. Mbuga ikawa wazi, na simba, ambaye huwinda pundamilia kwa kujificha nyuma ya miti hiyo, akakosa pa kujificha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba sehemu ya pundamilia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020, na nyati, ambao mwanzoni hawakuwamo kabisa, wakafika asilimia 42. Idadi ya simba haikushuka. Mhesabu simba angeripoti kwamba hakuna kilichobadilika.

Ninyi viongozi wa vijiji, nina maneno yangu mahususi kwenu. Sotoka imeisha: mgonjwa wa mwisho alikuwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 ilitangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Lakini mlango kati ya zizi na pori bado uko wazi, pande zote mbili. Mwaka 1994 karibu theluthi ya simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, ugonjwa unaowakaa mbwa wa vijijini. Distempa peke yake isingeua wengi kiasi hicho. Ukame uliotangulia ulidhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, simba wakala nyati wale dhaifu na kupata vijidudu vya damu vinavyobebwa na kupe. Distempa ikakuta mwili umeshashambuliwa. Kwa hiyo siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa, leteni mbwa wote, na watoto wa mbwa nao, wasiachwe nyumbani. Kwa kichaa cha mbwa lengo ni kufikia asilimia 70 ya mbwa wa kijiji. Chini ya hapo ugonjwa hupata njia ya kupenya. Mbwa huzaa na kufa haraka, hivyo kijiji kilichofikia asilimia 70 mwaka huu kitakuwa chini sana mwakani kisipochanja tena.

Wafugaji mnajua mlango ule kwa upande wa pili. Ndama wa nyumbu wana kirusi ambacho wao hakiwaumizi, lakini ng'ombe akikipata hupata homa kali, macho hufunga ukungu, naye hufa karibu kila mara. Ndama hukitoa kwa wingi miezi 3 hadi 4 ya mwanzo. Desturi ya Wamaasai ya kuhamisha ng'ombe mbali na nyanda za kuzalia, Februari hadi Mei, ni ikolojia iliyokamilika, na inawagharimu, maana wanaziacha nyasi bora za mwaka. Anayepanga matumizi ya ardhi na asiache mahali pa kuhamia amewanyang'anya dawa.

Namalizia na kazi ya mikono, kwa shule na kamati. Nataka kila kijiji kiwe na jaribio lake la uzio, ili mjue mifugo na wanyamapori wanafanya nini kwa nyasi zenu, badala ya kutegemea maneno ya wageni.

Chagueni jozi za viwanja, si kiwanja kimoja. Kila kiwanja mita 5 kwa 5. Kimoja kina uzio, mwenzake kiko wazi, umbali wa mita 10, udongo na mteremko ule ule. Jozi 3 ndizo za chini kabisa. Mkiwa na jozi moja, kichuguu kimoja cha mchwa kinatosha kuwadanganya, kwa sababu nyasi za karibu na kichuguu huwa na rutuba zaidi. Na msichague mahali panapopendeza: rusheni shilingi juu mjue kiwanja kipi kitazungushiwa.

Uzio unataka nguzo 8 na nyuzi 5 za seng'enge, kwa urefu wa sentimita 15, 35, 60, 90 na 120 kutoka chini. Mzunguko ni mita 20, kwa hiyo nunueni mita 110 ili mpate za kufungia. Uzi wa chini ndio unaosahauliwa, na mbuzi hupita hapo hapo. Ndani, msipime nusu mita ya pembeni; ng'ombe hupenyeza shingo na kula ukingoni.

Kila baada ya miezi 3, pimeni kimo cha nyasi kwa rula katika sehemu 20 za kila kiwanja. Mpimaji mmoja akilinyoosha jani na mwingine akaliacha lilivyoinama, mtapata tofauti ya karibu maradufu ambayo haipo. Amueni kabla: jani linapimwa lilivyo. Kisha wekeni fremu ya sentimita 50 kwa 50 mahali panne, kateni nyasi mpaka usawa wa udongo, anikeni siku 3 hadi 5 hadi uzito usibadilike tena, mpime. Gramu za fremu moja zidisha mara 4 upate za mita ya mraba, kisha mara 10 upate kilo kwa hekta. Gramu 50 kwenye fremu ni kilo 2,000 kwa hekta, na hizo zinatosha kubeba moto. Chini ya kilo 1,000 moto mara nyingi hufa njiani. Mahali palipokatwa pawekewe kijiti, pasikatwe tena mwaka ule.

Andikeni mvua kila siku saa 3 asubuhi. Bila mvua hamtajua kama nyasi zilipungua kwa meno au kwa ukame, na daftari lote litakuwa halina maana. Miaka 3 ndipo picha inaanza kuonekana. Miche ya miti inataka 5 na zaidi.

Jozi ya mfano imeshasimikwa nyuma ya ukumbi huu. Rula, fremu na mizani viko mezani mlangoni, mikasi ni 12. Gawanyikeni watu watano watano, kila kundi liwe na mfugaji mmoja anayeyajua majani kwa majina yake.